Binti aliyewasha taa kwa jina la baba

Mzazi akiugua ghafla, mara nyingi yuko mtoto mmoja anayeshika kazi zake bila kuulizwa. Anamwogesha mgonjwa, anapika, anawapeleka wadogo zake shule. Majirani humsifu kuwa ana moyo mzuri, yakaishia hapo. Ida Lewis wa Marekani alikuwa mtoto wa namna hiyo, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kazi yake kuandikwa kwa jina lake.

Ida alizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Newport, jimbo la Rhode Island. Baba yake, Hosea Lewis, aliajiriwa kutunza taa ya kuongozea meli huko Lime Rock, kisiwa kidogo cha mawe ndani ya bandari ya mji huo. Mwaka 1857 nyumba ilijengwa juu ya mwamba, familia ikahamia. Haikupita muda mrefu baba akapatwa na kiharusi, asiweze tena kufanya kazi.

Taa haikuweza kumsubiri mgonjwa apone. Ida, akiwa kijana wa miaka 15, akaishika pamoja na mama yake. Jua likizama waliijaza mafuta, na usiku wa manane wakaijaza tena. Utambi ulipaswa kukatwa na masizi kusuguliwa, kisha alfajiri taa ikazimwa. Kulipokucha Ida aliwavusha wadogo zake kwa mashua ya makasia hadi nchi kavu ili wakasome.

Makasia hayo ndiyo yaliyompa nguvu ya kuokoa watu. Siku moja ya Machi 1869 dhoruba ya theluji iliipindua mashua ya askari wawili walioongozwa na mvulana mmoja. Ida alikuwa na mafua, lakini alitoka mbio hata bila koti, yeye na mdogo wake wa kiume wakaingia majini. Aliwavuta askari kwa upande wa nyuma wa mashua, maana ukimpandisha mtu kwa ubavuni nayo inapinduka. Wawili walipona. Yule mvulana alikuwa amekwisha kuzama.

Magazeti yakalibeba jina lake. Watu kwa maelfu walikwenda kumtazama, akiwemo Rais Ulysses Grant, na mji ukamzawadia mashua mpya. Hata hivyo, katika daftari za serikali mtunza taa alikuwa bado baba yake, mgonjwa kitini. Baba alipofariki, cheo kikaenda kwa mama. Ni mwaka 1879 tu Ida alipoteuliwa rasmi, kwa mshahara wa dola 750 kwa mwaka. Alikuwa na miaka 37, na kazi yenyewe alikuwa ameifanya tangu usichana wake.

Aliendelea kuitunza taa mpaka alipofariki Oktoba 1911. Inahesabiwa kwamba aliokoa watu wasiopungua 18. Mwaka 1924 mwamba ulipewa jina lake. Mwaka 1927 taa ya nyumba hiyo iliondolewa kazini, na mwaka uliofuata nyumba ikawa klabu ya mashua. Klabu hiyo nayo inaitwa Ida Lewis, na bendera yake ina nyota 18.

Heshima hiyo ni kubwa, ila sehemu yake kubwa ilikuja akiwa kaburini. Nyumbani hakuna haja ya kungoja kiasi hicho. Mtoto anayemuuguza mzazi aambiwe waziwazi, mbele ya ndugu zake, kwamba anachofanya ni kazi. Apewe zamu ya kupumzika, na ada yake ya shule isisahaulike. Siku ya kugawana mali au kupanga mambo ya ukoo, naye aitwe akae kikaoni, asiachwe jikoni akichemsha chai.