TREKTA LISILOLAZWA NI MTEGO



Ikifika saa kumi na moja ya jioni, macho ya kila mfanya kazi hapa Mikindani yako kwenye barabara kuu. Matatu zinajaa, na mwenye kuchelewa atasimama pale mpaka magharibi. Saa hiyo ndipo dereva wa trekta dogo anapozima injini papo hapo alipo. Ndoo ya mbele iko juu, mashine ya kukata nyasi inaning'inia nyuma, ufunguo umo ndani, naye huyoo, mbio. Kesho atalikuta.

Tumeliona jambo hili mara nyingi, penye ujenzi, penye kazi za barabara na mitaro, hata katika viwanja ambapo watoto hucheza. Leo twataka kulisema wazi. Trekta lililoachwa hivyo halikuegeshwa. Limetegwa.

Wengi wetu hudhani kwamba hatari ya trekta ni wakati linapokwenda. Sivyo. Ndoo ile iliyo juu haishikwi na chuma. Yashikwa na mafuta ya haidroliki yaliyobanwa ndani ya mapaipu na mipira. Mpira ukipasuka, mafuta yakivuja, au mtoto akiichezea leva, ndoo itashuka, wala haitauliza ni nani aliye chini yake. Kuzima injini hakuizuii. Ndoo na mikono yake ni mizito kupita mtu mzima, hata kabla ya kutiwa koleo moja la mchanga. Fundi au turniboi aingiaye chini yake kukaza nati moja, ameuweka uhai wake juu ya kipande cha mpira.

Tena iko habari ya ardhi yetu. Mikindani si uwanja wa mpira. Njia zetu nyingi zateremka kuelekea mikoko ya Hori ya Tudor, na mvua za masika zikinyesha udongo hulegea. Breki ya mkono iliyochakaa yaweza kulishika trekta adhuhuri na kuliachia usiku. Na yale matrekta madogo ya siku hizi yanayosukumwa kwa mafuta ya haidroliki, injini ikizimwa usitumaini kwamba mwendo wake utalizuia mlimani. Kinachozuia ni breki nzima na kabari.

Basi kulaza trekta ni nini? Ni mambo machache, lakini kila moja lina mahali pake. Tafuta ardhi ya sawa, ngumu, mbali na njia ya watu. Simamisha shafti ya nyuma inayozungusha mashine, kisha ngoja, kwa maana visu vya kukata nyasi huendelea kuzunguka baada ya kukatiwa nguvu. Shusha kila kitu mpaka kiguse ardhi, ndoo, jembe na mashine. Vuta breki ya mkono na uweke gia kama kitabu cha trekta kinavyoagiza. Zima injini. Sasa sukuma leva za haidroliki mbele na nyuma, ili nguvu iliyobaki ndani ya mipira itoke. Toa ufunguo, umkabidhi mwenye dhamana. Kama mteremko haukwepeki, tia kabari magurudumu upande wa bondeni. Tela nalo litiwe kabari kabla ya kuchomoa pini, si baada. Na kifaa kilichofunguliwa kisiegemezwe ukutani kama ufagio. Kikae chini au juu ya miguu yake.

Kazi yote hiyo yaweza kuchukua dakika kumi. Na hapa ndipo penye neno letu la leo: dakika kumi hizo ni za nani?

Ajali ikitokea, jibu la tajiri huwa tayari: dereva alikuwa mzembe. Lakini ni tajiri huyo huyo, au nyapara wake, aliyemwambia dereva asisimame mpaka saa kumi na moja kamili, na kwamba baada ya hapo hakuna malipo. Dereva huyo aambiwa achague kati ya kulaza trekta kwa wakati wake mwenyewe na kuwahi matatu. Sisi twasema kulaza trekta ni kazi, kama kulima ni kazi na kama kuchota mchanga ni kazi. Kazi hulipwa.

Wala uangalifu wa dereva peke yake hautoshi. Katika mwaka wa 1959 nchi ya Sweden ilianza kulazimisha kwa sheria kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva linapopinduka. Vifo vya kupinduka vikapungua sana. Madereva wa Sweden hawakugeuka malaika kwa siku moja. Kilichogeuka ni chombo, na wajibu wa mwenye chombo.

Hapa kwetu Kenya sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa kulinda usalama wa walio kazini. Penye wafanya kazi 20 au zaidi, yataka iwepo kamati ya usalama. Mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ni lazima amwarifu msimamizi wake. Na maadamu hatari hiyo ingalipo, mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi mahali hapo. Fidia nayo ina sheria yake ya mwaka huo huo. Lakini hakuna fidia inayoota mguu mpya.

Nasi wenyewe tusijifiche. Wako wenzetu wanaompanda mwenzao ndani ya ndoo ili afikie taa. Wako wanaomcheka dereva anayetafuta kabari, wakisema ana woga wa kike. Ndugu, maneno hayo ni ya aibu mara mbili, kwa mama zetu na kwa mwenzetu aliye na akili. Koma.

Kwa hiyo twawaomba wawakilishi wetu wa kila mahali pa kazi wapeleke madai matatu. La kwanza, dakika 10 za kulaza mitambo ziwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa. La pili, tajiri atengeneze mahali pa sawa pa kuegesha, atoe kabari za kutosha, na pawe na mahali pamoja pa kutundika funguo. La tatu, breki na mipira ya haidroliki ikaguliwe, na ukaguzi uandikwe katika daftari ambalo dereva aweza kulisoma. Mwakilishi atakayekataliwa aandike jina la mahali na siku, alete ofisini kwetu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ajali hii kinga yake twaijua: ndoo chini, breki juu, ufunguo mkononi, na kipande cha mbao nyuma ya gurudumu. Dereva, usiku wa leo kabla hujaikimbilia matatu, geuka utazame nyuma. Kama ndoo bado iko juu, kazi yako haijaisha, na mshahara wako nao usiishe.