Bomba Likikauka, Nani Aandike?



Ndugu msomaji, hapa Shimoni habari haikosi mchukuzi. Bomba likikauka, mashua ya Wasini ikichelewa, au mwani wa Kibuyuni ukikosa mnunuzi, picha yake hufika Diani na Mombasa kabla ya adhana ya alasiri. Wachukuzi tunao. Tunalokosa mara nyingi ni jibu.

Wajuzi wa fani hii hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni uandishi wa habari wa raia. Mtu mmoja, asiye mwanahabari kwa kazi yake, ameshuhudia jambo na analitangaza kwa simu aliyonayo. Sifa yake ni wepesi na kuwapo mahali pa tukio. Upungufu wake ni kwamba hana wa kumsahihisha, na kesho atakuwa na jambo jingine la kutuma. La pili ni uandishi wa habari wa jamii. Hiki ni chombo cha watu wa mahali, kama redio ya kijijini au jarida dogo mfano wa hili, chenye watu waliokubaliana kukusanya habari, kuzihakikisha, kuzieleza kwa lugha ya wenyeji na kuzifuatilia. Wa kwanza ni shahidi. Wa pili ni baraza linalomsikiliza shahidi.

Nchi yetu imeyaona yote mawili. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, redio ya jamii ilianzishwa Homa Bay. Mwaka 1984 Serikali ikaifunga, kwa kuwa chombo chenye mlango hufungika. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, Wakenya walibuni jukwaa la Ushahidi, ambalo raia walilitumia kutuma taarifa za waliyoyaona, zikapangwa juu ya ramani. Hapo maneno ya mtu mmoja mmoja yalipata wa kuyakusanya, ndipo yakawa na uzito. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuchukue mfano wa maji. Mama akituma picha ya bomba kavu, amefanya jambo la haki, lakini picha haisemi maji yalikatika lini, nyumba ngapi zimekosa, wala nani alipewa kazi ya kutengeneza. Kina mama 10 wakiandika kila siku, katika daftari moja, saa maji yalipotoka na bei ya mtungi, baada ya mwezi watakuwa na jambo ambalo afisa hawezi kuliita uvumi.

Kisha sheria ipo upande wao. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imetaja maji safi ya kutosha kuwa haki, na kifungu cha 35 kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha, na ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Asiyejua kuandika asaidiwe na afisa mwenyewe. Njia hiyo hiyo yafaa kwa wavuvi na wakulima wa mwani wanaotaka kujua mradi wa bandari ya uvuvi utawaachia nafasi gani ufuoni.

Lakini haki ya kusema ina adabu zake. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetufunza kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukajuta. Basi ni vipi picha ya maiti wa baharini isambazwe kabla mkewe hajaambiwa? Ni vipi uso wa mtoto mgonjwa uzungushwe katika makundi ya WhatsApp bila idhini ya mzazi? Sitara ya Muislamu haiondoki kwa sababu simu ina kamera. Mtu peke yake, akiwa na hasira, husahau haya. Penye wenzake wa kumuuliza, hukumbuka.

Kina mama wetu hawaanzi na mikono mitupu. Waliounda vikundi vya mwani Kibuyuni, na wale wa Wasini waliojenga njia ya mbao ya kutazamia matumbawe, tayari wanajua kuweka kumbukumbu, kugawa zamu na kusikizana. Wiki hii, baada ya darsa, wachaguliwe watatu. Mmoja aandike, mmoja ahakikishe kwa kuuliza nyumba mbili tofauti, mmoja apeleke barua ofisini na kuhesabu siku. Jibu likija, lisomwe mbele ya wote. Lisipokuja, hiyo nayo ni habari, na ukurasa huu utaipokea.

Wabillahi tawfiq.