Wanafunzi wa Uuguzi na Maktaba ya Chuo

Wasomaji wa karatasi hizi wamezoea kukuta humu habari za mishahara, likizo na nyumba za watumishi. Leo twaomba radhi kuleta jambo jingine, nalo lahusu watoto wetu. Wengi wetu tumewapeleka mabinti na vijana wetu vyuoni wajifunze uuguzi, nasi hudhani kwamba karo ikiisha lipwa na sare ikiisha nunuliwa, kazi yetu imekwisha. Sivyo. Liko jambo moja liwezalo kumwangusha mwanafunzi hodari, nalo ni kutojua kuitumia maktaba ya chuo chake.

Twamjua binti mmoja, jamaa yetu. Chuo chake hatukitaji. Katika mwaka wake wa kwanza alipewa kazi ya kuandika juu ya mahudhurio ya mama mjamzito kliniki. Aliingia maktabani, akatwaa kitabu kilichokuwa karibu, akaandika kwa mwandiko safi kwamba mama mwenye afya njema aende kliniki mara nne. Kitabu hakikusema uongo, kwani ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri zamani. Lakini mwaka 2016 Shirika hilo lilibadili shauri lake, likataka mara zisizopungua nane, likasema kwamba mpango huo waweza kuokoa hata watoto 8 katika kila uzazi 1,000, ukilinganishwa na ule wa mara nne. Katika karatasi ya mtihani kosa kama hilo hupunguza alama tu. Katika zahanati laweza kupunguza watu.

Binti huyo hakuwa mvivu. Juma lake la kwanza chuoni, yeye na wenzake walizungushwa maktabani kwa muda wa saa moja, wakaonyeshwa mlango, meza na mahali pa kuweka mikoba. Baada ya hapo hakuna aliyewaita tena. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi hawa walikaribishwa kama wageni, wala jembe hawakupewa.

Sisi makarani twalijua neno hili kwa kazi yetu wenyewe. Karani mpya haachwi peke yake masjalani. Huonyeshwa rejista, hufundishwa jinsi majalada yalivyopewa namba, kisha huagizwa alete jalada fulani, na mkubwa wake husimama karibu aone kama atalipata. Maktaba nayo ni masjala kubwa. Mahali palipofuatwa utaratibu wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, vitabu vya uuguzi huwekwa chini ya herufi WY. Palipofuatwa utaratibu wa Dewey, hutafutwa kwenye 610.73. Ajuaye hayo huenda moja kwa moja rafuni, tena hutazama mwaka wa kupigwa chapa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Asiyejua huzunguka, kisha hutwaa chochote.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mali ya maktaba siku hizi haimo rafuni kabisa. Iko orodha iitwayo PubMed, iliyofunguliwa kwa watu wote tangu 1997, nayo ina habari za maandiko zaidi ya milioni 35; lakini mara nyingi hutoa muhtasari tu. Uko pia mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ili vyuo vya nchi zenye kipato kidogo visome majarida ya tiba bure au kwa malipo madogo. Chuo hujiandikisha, kikapewa neno la siri. Mwanafunzi asiyeambiwa neno hilo hufika mlangoni mwa makala, akadaiwa fedha, akarudi nyuma akidhani hana haki, kumbe ufunguo umo mezani pa mtunza maktaba. Tena orodha hizi zina majina yake maalumu: ugonjwa ambao watu huuita “heart attack” umeandikwa humo kwa jina la “Myocardial Infarction”. Majina kama hayo hayabuniwi na mgeni, hufundishwa.

Yamkini wako watakaosema kwamba kijana wa leo ana simu mkononi, naye atajitafutia. Twajibu kwamba simu humletea jipya na la kale, la kweli na la uzushi, yote pamoja, wala haimfundishi kuchagua. Muuguzi hana ruhusa ya kubahatisha.

Kwa hiyo twaona yafaa mambo matatu. Kwanza, somo la maktaba litolewe siku ile ile mwanafunzi apewapo kazi yake ya kwanza ya kuandika, si katika juma la ukaribisho, ambapo kichwa chake kimejaa mambo mengine. Pili, somo lianze na swali la wodini, kwa mfano, jinsi ya kumkinga mgonjwa asipate vidonda vya kulala; naye mwanafunzi mwenyewe atafute jibu, mtunza maktaba akiwa kando yake. Tatu, awepo mtunza maktaba mmoja anayejulikana kuwa ni wa wauguzi, mwenye saa zinazopatana na zamu zao. Kwani atokaye zamu ya usiku hawezi kuhudhuria somo la asubuhi.

Nasi wazazi tusikae kimya. Mtoto ajapo likizo, tusimwulize tu kama amefaulu. Tumwulize kama amepewa neno la siri, na kama amjua mtunza maktaba kwa jina. Akisema hapana, tumwandikie mkuu wa chuo barua ya adabu. Barua twajua kuandika. Ndiyo kazi yetu.