Chiriku wa mlalahoi nyara, twiga wapanda ndege!

Ewe kijana wa Manzese, Tandale na Mbagala, hebu tazama lile tundu linaloning'inia barazani kwenu. Ndani yumo chiriku. Kila alfajiri anaimba, nawe unaamka kwenda kusaka mkate. Ulimnunua kwa vijana wanaotembeza matundu mtaani, unampa mtama na maji, mnaishi kwa amani. Unadhani una ndege. Ndugu yangu, huna ndege. Una nyara!

Usicheke. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyopitishwa na Bunge lililojaa wabunge wa CCM, inatafsiri nyara kuwa ni mnyama akiwa hai au mfu, pamoja na pembe, ngozi, unyoya na hata yai lake. Na mnyama ni kila kiumbe mwenye uti wa mgongo asiyekuwa wa kufugwa. Chiriku yumo, tetere yumo, kanga yumo, kasuku yumo. Huna kibali? Kifungu cha 86 kimebeba adhabu zinazofika jela miaka 30, na mashitaka ya nyara huingizwa katika kapu la uhujumu uchumi. Muuza chiriku na jangili wa tembo, kapu moja!

Sasa tuulize: kibali hicho kinamlinda nani? Watetezi wa wakubwa watajibu haraka: kinamlinda ndege. Tusidanganyane. Wapo kasuku wadogo wa kijani wenye uso mwekundu, asili yao ni kaskazini mwa nchi yetu, huko Serengeti na kandokando ya Ziwa Victoria. Wazungu huwaita kwa jina la Fischer. Katika miaka ya 1980 walinaswa na kusafirishwa nje maelfu kwa maelfu, mpaka biashara ile ikabidi ifungwe. Je, ni vijana wa vijiweni waliowasafirisha? Hapana! Wafanyabiashara wenye leseni, mihuri na karatasi safi. Kibali hakikumlinda ndege yule. Kibali ndicho kilichompakia!

Halafu ikaja Novemba 2010, wiki chache tu baada ya kura kuhesabiwa. Pale uwanja wa KIA, ndege ya jeshi la Qatar ilitua na kuondoka na wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne. Twiga, jamani! Shingo ile haikuonekana getini? Mshitakiwa mkuu, raia wa kigeni, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka 60, lakini kizimbani hakuwapo. Alikwisha ruka dhamana. Miaka 60 ikasomewa kiti kitupu.

Mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wafanyabiashara wamefunguliwa mlango miezi sita wamalize mzigo uliobaki. Wananchi wakapiga kelele, na mara Waziri akausimamisha mpango huo. Msafirishaji mkubwa, basi, hupata mtu wa kumfungulia mlango. Mlalahoi mwenye chiriku hata dirisha haonyeshwi.

Mwaka 2020 Rais Magufuli aliwagawia marais wastaafu tausi wa Ikulu, ndege ambao asili yao hata si hapa. Wazee wetu hatuwaonei gere. Tunauliza tu: mtoto wa Tandale akitaka kufuga kanga wawili kihalali, aanzie mlango gani? Akauliza kwa nani? Alipe kiasi gani? Ukimuuliza mjumbe wa nyumba kumi, atakutazama kama umeulizia njia ya kwenda mwezini. Na penye sheria kali ambayo hakuna anayeieleza, hapo ndipo "kitu kidogo" kinapozaliwa. Ndege anakuwa mtaji wa mtu mwingine.

Msitusingizie kwamba tunatetea ujangili. Hatutetei! Anayekata mti ili abebe makinda ya kasuku ni mwizi wa wajukuu wetu. Anayejaza ndege 50 katika boksi moja wafe kwa kiu hana tofauti na muuaji. Huyo abanwe. Leseni iwepo, lakini iwe leseni ya kumlinda ndege, siyo mtego wa kumnasa maskini.

Tunadai haya. Kwanza, ada na masharti yabandikwe ofisi ya kila kata, kwa Kiswahili. Pili, wenye ndege majumbani wapewe muda wa kuwaandikisha bila kukamatwa. Tatu, ndege wa kawaida kama chiriku na tetere watenganishwe na wale walio hatarini, na adhabu zitenganishwe vilevile. Nne, orodha ya wote wanaopewa vibali vya kukamata wanyamapori itolewe hadharani, jina na idadi, tuisome sote.

Na kwa nini tusiisome? Sheria hiyohiyo, kifungu cha 4, inasema wanyama wote ni mali ya umma, na Rais anawashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini, siyo mmiliki! Mwenye mali ni wewe unayesoma gazeti hili kijiweni. Basi mara nyingine mgombea akija kuomba kura mtaani kwenu, mwonyeshe lile tundu, umuulize: "Mheshimiwa, chiriku huyu wa nani?" Akibabaika, kura yako unajua pa kuipeleka.