Sigara moja moja: Kaunti ya Isiolo iwajibike

Katika vibanda vya miraa vya mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, pakiti ya sigara hufunguliwa asubuhi ikauzwa moja moja hadi usiku, kiberiti kikiwa tayari dirishani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara zisizofika kumi, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Biashara hii hufanyika hadharani. Serikali ya kaunti haiwezi kudai haina habari.

Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 19.1 ya wanaume nchini Kenya walitumia tumbaku, na kwamba waliosoma kidogo ndio waliozama zaidi. Wapo wanaotumia matokeo hayo kuwasimanga wazee kwa ujinga. Ni lawama rahisi mno. Mwanamume wa miaka 50 anayekohoa leo alianza ujanani, wakati shule ilikuwa mbali na mifugo ilihitaji mchungaji. Kosa la serikali za enzi hizo limo kifuani mwake.

Wa kuangaliwa sasa ni kijana wa miaka 16 aliyeacha shule akaenda kubeba mizigo sokoni. Pakiti nzima haimudu, hununua moja. Picha za onyo zilizoanza kuwekwa kwenye pakiti mwaka 2016 zilikusudiwa kumfikia hata asiyejua kusoma, lakini anayepokea sigara moja mkononi hazioni. Kipengele cha sheria kinachokataza sigara moja moja, ambacho kingemfaa zaidi asiyesoma, ndicho kinachopuuzwa.

Visingizio vimekwisha. Kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga kanuni za kudhibiti tumbaku hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Katiba ya 2010 nayo ilizikabidhi kaunti huduma za afya pamoja na leseni za biashara. Itasemwa kwamba mwenye kibanda anatafuta riziki. Aitafute kwa kumuuzia mtu mzima pakiti nzima.

Maofisa wa afya ya umma waanze ukaguzi mara moja, na anayekaidi afutiwe leseni. Machifu na walimu wakuu wawafuatilie wavulana wanaoacha masomo kabla vibanda havijawapokea. Bunge la Kaunti nalo lidai orodha ya leseni zilizofutwa kwa kosa hili. Ikiwa hakuna hata moja, waziri wa afya wa kaunti aitwe kueleza sababu.