Watazoea tu?



Kila siku ya posho, wakati wa kazi ya jembe, tunasikia neno moja tu juu ya wapya: «Watazoea.» Malengelenge yamepasuka, mtoto anashika kalamu kwa vidole viwili, wakubwa wanacheka: watazoea. Sisi tunaosimamia kazi ile tunaona neno hilo halitoshi.

Ni kweli, mwili unazoea. Jembe likisugua ngozi kidogo kidogo, selile za chini zinazaana mbio zaidi, na tabaka la juu, lenye selile zilizokufa, linakuwa nene. Njo sugu ile tunayojivunia. Lakini selile zinaomba wakati. Ngozi inajifanya upya kwa mwezi mmoja ao zaidi, hapana kwa mchana mmoja. Ukiisugua kwa nguvu siku ya kwanza, matabaka yake yanaachana, maji yanaingia katikati. Lile ni lengelenge. Jembe ni moja, mkono ni mmoja. Kilichokosekana ni wakati.

Tena kuzoea si uzima sikuzote. Mvuta tumbako (wako hata kwetu, nyuma ya jiko, tunawajua) mapafu yake yanazoea pia. Katika njia za pumzi kuna selile zenye vinyweleo vinavyofagia makohozi. Moshi ukizidi, mahali pao panakuja selile bapa zinazovumilia moshi, lakini hazina ufagio. Anabaki kukohoa kila asubui! Akiacha, ufagio unaweza kurudi. Asipoacha, mara nyingine pale pale kansere inaanza. Na moyo wa mwenye tansio unanenepa kusudi usukume damu, kisha miaka inapita, unachoka.

Basi tunaomba hivi: wapya walime nusu saa juma la kwanza, saa moja juma la pili, wafikie kipimo cha wote kisha mwezi. Wengine watasema tunawalea kama mayai. Hapana. Mchezaji wetu wa mpira akitolewa plasta, paja lake limekonda, kwa kuwa musuli usiofanya kazi unapungua. Nani anamurudisha uwanjani siku ile ile kwa dakika 90?

Mipini yenye kukwaruza tutaichonga sisi wenyewe siku ya tano jioni. Mwenye kisu kizuri akilete.