Mbarara au Kampala? Hesabu ya chuo kikuu kwa vijana wa Nakivale

Safari ya kijana wa Nakivale kwenda chuo kikuu huanza kwa nauli. Wengi hupitia Rwekubo, senta ya biashara katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kisha huelekea Mbarara. Wenye ndugu wa kuwapokea huunganisha hadi Kampala, takriban kilomita 270 mbele zaidi.

Jamaa zao walioko ng'ambo, ambao mara nyingi ndio walipaji, huuliza kwanza chuo kipi kina sifa. Ni swali halali. Hata hivyo, kabla yake lipo jingine linaloamua kama mwanafunzi atafika mwaka wa pili: chuo kitamhesabu kuwa nani?

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 husifiwa kwa haki, kwa kuwa inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Katika elimu ya msingi inamweka sawa na raia. Lakini kuanzia hapo kwenda juu, inamhakikishia tu huduma isiyopungua ile wanayopewa wageni kwa jumla. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Nakivale, akasoma shule za Isingiro na kufanya mitihani ileile ya taifa pamoja na wenzake Waganda, anaweza kufika kwenye dirisha la mhasibu na kutajwa kuwa mwanafunzi wa kimataifa, ingawa hajawahi kuvuka mpaka wowote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kuwa mlango wa pili. Burundi na Rwanda zilijiunga mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Sehemu kubwa ya wakazi wa Nakivale, makazi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, hutoka katika nchi hizo nne. Mwaka 2017 wakuu wa jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Ada, hata hivyo, hupangwa na baraza la kila chuo: vipo vinavyomtoza Mwafrika Mashariki sawa na Mganda, na vipo vinavyoweka safu ya peke yake. Tena kuna kejeli katika mlango huo, kwani anayetaka kuutumia analazimika kujitambulisha kwa uraia wa nchi ileile aliyoikimbia.

Kwa waliomaliza sekondari Congo au Burundi, jambo la vyeti huja mapema zaidi. Vyeti hivyo ni vya Kifaransa, na lazima vilinganishwe na vya Uganda na baraza la mitihani la taifa, UNEB, kabla ya chuo kuvipokea. Anayesubiri barua ya udahili ndipo aanze kazi hiyo huenda akakosa mwaka mzima.

Ndipo miji yenyewe inapoingia katika hesabu. Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, ina chuo kikuu cha serikali cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989 kikianzia na udaktari, na hospitali ya rufaa ya kufundishia. Kipo pia Bishop Stuart, chuo cha Kanisa la Uganda. Kampala ina Makerere, iliyoanza mwaka 1922, vyuo binafsi vingi, na nafasi nyingi zaidi za vibarua. Kwa anayetaka uuguzi, famasia au udaktari, Kampala haina sababu ya kumvuta kwa nguvu. Kwa sheria, sanaa au uandishi wa habari, hali ni tofauti.

Kinachosahaulika ni sahani. Msaada wa chakula hutolewa ndani ya makazi, kwa waliosajiliwa humo. Mkimbizi wa Kampala hutarajiwa kujitegemea. Msaada wenyewe umepunguzwa sana, na mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa watu wapatao milioni moja kwenye orodha nchini Uganda. Hivyo familia nyingi hutegemea zaidi bustani. Mwanafunzi wa Mbarara anaweza kurudi mwishoni mwa juma kusaidia kuvuna na kuondoka na mfuko wa mahindi au maharage. Wa Kampala hununua kila kitu, na nauli ya kwenda na kurudi humla fedha ambazo zingelipa chumba.

Ufadhili upo, ila ni mwembamba. Mpango wa DAFI, unaofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani tangu mwaka 1992, hulipa ada na posho ya kujikimu, lakini waombaji huzidi nafasi kwa mbali. Umoja wa Mataifa unataka asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe vyuoni ifikapo mwaka 2030, na lengo hilo bado liko mbali.

Kwa ndugu anayetuma fedha kutoka Adelaide au Brisbane, karatasi ya kuombwa kwa simu kabla ya muamala wowote ni jedwali la ada lililoambatana na barua ya udahili. Aangalie safu aliyowekwa mwanafunzi, na kama kiasi kimeandikwa kwa shilingi au kwa dola. Vilevile aulize kama safu hiyo inaweza kubadilishwa kwa kuonyesha kitambulisho cha ukimbizi, na nani chuoni hutia saini. Ombi la namna hiyo hufanywa kabla ya usajili. Fedha zikishalipwa, ofisi husika haina tena haraka ya kulijibu.